Laini Ilikuwa Yangu

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Arua nilifungua akaunti za barua pepe za wanafunzi wapya kwa nambari yangu ya simu. Sikuwaeleza maana yake. Walinishukuru wakaenda zao, na msichana mmoja wa Koboko akaja kupoteza mwaka mzima wa masomo kwa sababu hiyo. Jina la chuo silitaji, maana chuo hakikunituma kufanya hivyo. Kilinikabidhi ufunguo wa maabara ya kompyuta, kikaniambia niwasaidie wageni. Namna ya kuwasaidia niliichagua mwenyewe.

Ilikuwa Agosti ya 2015, kisha ya 2016. Aliyepitia usajili wa vyuo vyetu anajua wiki ya kwanza ilivyo: foleni tangu asubuhi, kila mtu na bahasha ya vyeti mkononi. Mgeni alitakiwa aingie kwenye akaunti ya chuo kwa nambari yake ya usajili na nenosiri la muda, alibadili nenosiri hilo, afungue barua pepe, kisha aonyeshwe kivinjari: wapi huandikwa anwani ya tovuti, na jinsi ya kutoka kwenye akaunti ili atakayeketi baada yake asikute mambo yake wazi. Kwa aliyezoea, hiyo ni kazi ya robo saa. Kwa mtu anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza, asubuhi nzima haitoshi.

Na wengi walikuwa wanakishika kwa mara ya kwanza. Uganda, mwanafunzi wa Senior Five huchagua hesabu za nyongeza au kompyuta, na waliochagua kompyuta hawakuwa wamezigusa wote. Kijana mmoja alinionyesha daftari lake la shule. Alikuwa amechora kibodi nzima kwa rula na penseli, kila herufi mahali pake, hata zile alama ndogo za juu ya tarakimu. Nilipomkalisha mbele ya kibodi yenyewe, kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye herufi, kikasimama hewani juu yake. Hakujua abonyeze kwa nguvu kiasi gani. Ningemwacha abonyeze. Badala yake nilimwambia, "Sogea kidogo, nikuandikie."

Nilikuwa na haraka, na haraka ile ilikuwa na chanzo. Miaka ile mkoa wetu wa West Nile haukuwa umeungwa na gridi ya taifa. Mkoa ulitegemea kituo kidogo cha Nyagak karibu na Paidha, megawati tatu na nusu tu, kilichoanza kuzalisha umeme 2012, pamoja na jenereta. Umeme wa maabara ukiwapo, hukujua utakaa hadi saa ngapi. Kila aliyefika kwenye kiti kabla haujakatika alikuwa na bahati, na mimi nilitaka wenye bahati wawe wengi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa pale Gmail inapodai nambari ya simu ili itume msimbo. Wengine hawakuwa na simu. Wengine walikuwa nayo lakini wameiacha kwenye kibanda cha kuchajisha. Waliotoka Ariwara walikuja na laini za Congo ambazo Arua hazikushika mtandao. Wapo waliokuwa wakimbizi kutoka kambi ya Lobule, na kwao kusajili laini bila kitambulisho cha taifa ilikuwa safari ndefu. Siku ya kwanza nilimwambia mmoja arudi kesho na simu ya ndugu. Hakurudi keshoye. Nikaona nimemfukuza mtu kwa jambo dogo, na tangu hapo nikaanza kuweka nambari yangu.

Msimbo uliingia mfukoni mwangu, nikauandika, ukurasa ukafunguka. Haikuchukua hata dakika mbili. Baadaye Google ikaanza kunikatalia: nambari hii imetumika mara nyingi mno kuthibitisha akaunti. Lile lilikuwa onyo, limeandikwa kwa maneno mepesi, na nililisoma. Nilichofanya ni kuomba laini ya kaka yangu kwa ajili ya kupokea msimbo wa kwanza, kisha nikaendelea kuweka yangu kama nambari ya kurejesha akaunti.

Si hilo tu. Maneno ya siri yote niliyatunga kwa mtindo mmoja, jina la ukoo na mwaka wa kuingia chuo, ili wasisahau. Aliyejua la mmoja alijua la wote. Niliwaambia wasiyabadili. Niliyaandika kwenye daftari langu, majina upande mmoja na maneno ya siri upande wa pili. Kivinjari kilipouliza kama kihifadhi nenosiri, nilikubali kila mara, ili siku ya pili mtu aketi tu na kuona barua zake. Barua pepe ya chuo niliidharau, nikawaambia ni nzito, tumieni hii. Sikuona kwamba akaunti ya chuo, hata ikifungika, ina ofisi: unakwenda na kitambulisho chako, unagonga mlango, mtu anakurudishia. Ya Google haina mlango Arua wala Kampala. Mlango wake ni ile nambari uliyoandika siku ya kwanza.

Tena nilipenda. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikiri. Nilipenda kusimamishwa njiani: "Kaka, nimesahau ile paswadi." Nami namtajia palepale bila kufungua daftari. Niliona huo ni wema, na sehemu yake ilikuwa wema kweli. Lakini mtu aliyejifunza kujifungulia hakuwa na haja ya kunisimamisha, na mimi sikumfundisha hata mmoja hadi akafikia hapo.

Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliamuru kila laini ihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa. Muda ulisogezwa hadi mwisho wa Agosti, kisha ambazo hazikuhakikiwa zikazimwa. Laini yangu ya zamani niliinunua kando ya barabara Koboko, ikiwa imeshasajiliwa kwa jina la mtu nisiyemjua. Ningeweza kuifuatilia. Lakini wakati huo nilikuwa na laini nyingine yenye data nafuu. Ile nikaiacha ife. Nilikumbuka kuwaarifu jamaa zangu nambari mpya. Watu wa kwenye daftari hawakunijia akilini kabisa.

Januari iliyofuata nilikuwa nyumbani Koboko. Msichana niliyemfungulia akaunti 2016 alinikuta karibu na soko, ameazima simu ya shangazi yake. Alikuwa ameomba ufadhili wa ada kwa miaka iliyobaki, na jibu lingekuja kwa barua pepe siku zozote. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, maabara pia. Aliandika nenosiri, likakubaliwa, lakini Google ilipoona simu isiyoijua ikataka uthibitisho zaidi.

"Kaka, inasema imetuma namba za siri kwenye simu. Simu yangu haijaingiza kitu tangu asubuhi."

Nikachukua ile simu. Kioo chake kilikuwa na ufa kwenye kona. Pale katikati paliandikwa kwamba msimbo umetumwa kwenye nambari inayoishia na 47, zile tarakimu nyingine zimefichwa kwa vinukta. Nilisoma mara ya pili. Nambari yake haikuishia na 47. Yangu iliishia hivyo, ile niliyoiacha ife.

Sikusema kitu kwa muda. Kilichonijia kwanza si yeye. Lilinijia daftari, ukurasa baada ya ukurasa, na nikaelewa kwamba kila jina lililomo lina kufuli ambayo ufunguo wake umetupwa, na aliyeutupa ni mimi. Kisha nikakumbuka kwamba makampuni ya simu huuza upya nambari zilizolala. Huenda wakati ule laini yangu ilikuwa tayari mikononi mwa mtu mwingine, na misimbo ya wanafunzi inamwingilia yeye.

"Namba hiyo ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu. Niliiweka siku ile. Imezimwa."

Tulijaribu njia zote tulizozijua. Google iliuliza akaunti ilifunguliwa mwezi gani, nikajibu vizuri, haikutosha. Ilibidi tusubiri maabara ifunguliwe. Ilipofunguliwa, kompyuta ile ya dirishani aliyozoea kuitumia ikamtambua, na barua zake zikatokea bila kuulizwa lolote. Jibu la wafadhili lilikuwamo. Walimwita kwenye usaili, na siku yenyewe ilikuwa imepita. Tulikwenda ofisini kwao pamoja. Walitusikiliza. Nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine aliyekuwa akifuata kwenye orodha. Muhula ule hakuwa na ada, akasimamisha masomo, akarudi baada ya mwaka kwa mbuzi wa mama yake na deni kwa mjomba. Darasa lake lilihitimu kabla yake.

Nilikwenda kwa mama yake kumweleza. Alikuwa anapepeta ufuta, hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo barua ya mtoto wangu ilikuwa lazima ipite kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikwambia iwe hivyo?"

Sikuwa na jibu, na hakulidai. Nilichangia ada kidogo kadiri ya uwezo wangu, na haukuwa mkubwa.

Baada ya hapo nilizunguka na lile daftari. Waliokuwa bado chuoni, na kompyuta bado zinawatambua, tulikaa nao mmoja mmoja: waliandika nenosiri jipya wenyewe nami nimegeuka, wakaweka nambari zao au za wazazi, kisha wakaweka anwani ya pili ya barua pepe kuwa njia nyingine ya kurudi endapo simu itapotea. Ilinishangaza jinsi kazi hiyo isivyokuwa ngumu. Yule wa kibodi ya penseli aliandika polepole, akakosea, akafuta, akaandika tena, akamaliza. Angemaliza hata 2015. Lakini baadhi ya kompyuta zilikuwa zimefutwa na kuwekewa programu upya, na akaunti zilizokuwa zimehifadhiwa humo zilipotea. Daftari nililichoma. Uganda ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019 niliisoma yote, nikikumbuka zile kurasa.

Siku hizi nikimsaidia mtu mikono yangu huwa mgongoni. Asiye na laini namwambia asubiri hadi awe na ya kwake au ya mtu anayeishi naye nyumba moja, na kwa sasa atumie barua pepe ya chuo. Foleni huwa ndefu. Wapo wanaonuna.

Wengine wa daftarini sikuwapata hadi leo. Wapo waliovuka kurudi Congo, wapo waliobadili simu. Tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka miwili bila kufunguliwa, kwa hiyo zile zisizofunguliwa tangu wakati ule huenda zimeshafutwa pamoja na barua zilizokuwamo. Kama uliingia chuo Arua Agosti ya 2015 au ya 2016, ukakaa maabara kwenye kiti cha kando ya dirisha, na kijana mmoja akakuambia usogee akuandikie, nambari inayoishia na 47 ilikuwa yangu. Usiusubiri ule msimbo. Fungua akaunti nyingine kwa laini yako, na kama uliitaja ile ya zamani benki, kazini au kwa wafadhili, waarifu mapema kwamba si yako tena.