Kwa nini nilikuwa kimya: habari ya tovuti iliyopotea

Najua mmenisema sana. Dada ameniandikia mara tatu kuuliza kama niko hai. Niko hai jamani, niko hapa hapa Guangzhou, chumba kile kile cha Xiaobei, ghorofa ya 7, na lifti bado inagoma. Leo nimeamua niwaeleze kilichonifanya ninyamaze, na mwisho wa habari kuna deni ambalo lazima nilitaje mbele yenu wote. Kaeni vizuri, hadithi ni ndefu kidogo.

Kazi yangu mnaijua, ni uwakala. Mfanyabiashara wa Kariakoo akitaka mabegi, naingia soko la ngozi la Baiyun karibu na stesheni ya treni. Akitaka vitambaa, navuka mto kwenda Zhongda. Akitaka taa, nasafiri mpaka Guzhen kule Zhongshan, na fanicha ni Lecong, Foshan. Nakagua mzigo, nahesabu katoni, nasimamia mpaka unaingia kwenye kontena, nami napata asilimia yangu kidogo. Tovuti yangu niliianzisha kwa Kiswahili kueleza hayo hayo: soko gani lina nini, mzigo unapimwaje kwa mita za ujazo, begi la aina gani linachunika kabla halijafika bandarini Dar. Kila nilichoandika nilikiona kwa macho yangu, nilikiandika jioni miguu ikiuma.

Machi 2020 China ilipofunga mipaka kwa wageni, tovuti ile ndiyo iliyonilisha. Watu wa Kariakoo hawakuweza kuja, wakawa wanatafuta mtu aliye huku. Wakiandika kwenye Google "kuagiza mzigo kutoka China", mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mpaka ulifunguliwa tarehe 8 Januari 2023, na mawakala nao wakaongezeka, kila mmoja na tovuti yake. Nikashuka, nikashuka, mpaka ukurasa wa pili. Ndugu zangu, ukurasa wa pili wa Google ni duka la uchochoroni: unaweza kuwa na bidhaa nzuri kuliko wote na nzi tu ndio wakaingia.

Hapo ndipo akaja mtu mmoja kwa ujumbe wa simu, ana maneno matamu. Akasema kwa yuan 6,000 atanipatia viungo mia nne kutoka tovuti nyingine, nami nitarudi juu. Kama nyongeza akanitengenezea kurasa za miji: wakala wa China Mwanza, wakala wa China Mbeya, wakala wa China Arusha, maneno yale yale, jina la mji tu linabadilika. Mimi Mbeya sijawahi hata kulala!

Wazee wangu ambao hamjaingia sana kwenye mambo haya, ngoja niwafafanulie. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, ujanja wao mkubwa ulikuwa kuhesabu viungo. Tovuti moja ikiweka kiungo cha kwenda nyingine, ni kama jirani anapokuambia "nenda kwa fundi yule, ni mzuri". Fundi anayetajwa na watu wengi, hasa watu wanaoheshimika, anapanda juu. Sasa mimi nilichofanya ni kuwalipa watu mia nne wasionijua, wakasimame barabarani na kunisifu. Kwa Kiswahili cha nyumbani, nilinunua mashahidi.

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri, nilipanda kweli. Nikajiona mjanja. Kisha, Juni 2024, asubuhi moja nikafungua Search Console, yaani ule ukurasa wa Google wa wenye tovuti. Huku China bara Google haifunguki hivi hivi. Walihamishia utafutaji wao Hong Kong Machi 2010, na wenyeji hutumia Baidu. Mimi hutumia laini ya nyumbani kwa romingi, kwa hiyo kila dakika ni hela. Nikakuta ujumbe kwamba tovuti yangu ina viungo visivyo vya asili, na kwamba imechukuliwa hatua. Nikaandika jina la tovuti yangu mwenyewe kwenye Google. Haikutokea. Nikaandika tena polepole, kama mtu anayedhani kakosea herufi. Haikutokea.

Kuna adhabu za aina mbili, na ukizichanganya utahangaika bure. Ya kwanza ni ya mashine. Huletewi barua yoyote, unaporomoka tu. Google walileta programu waliyoiita Panda Februari 2011 kwa ajili ya kurasa dhaifu, na Penguin Aprili 2012 kwa ajili ya viungo vya ujanja. Tangu Septemba 2016 Penguin inafanya kazi muda wote ndani ya mtambo wenyewe. Huko hakuna mtu wa kumwomba msamaha, unasafisha na kungoja. Ya pili ni ya mtu. Mkaguzi ameangalia tovuti yako kwa macho yake, akaandika. Hii ina barua, na ina rufaa. Yangu ilikuwa ya pili. Wala haichagui mkubwa: Februari 2006 Google waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa kurasa za ujanja, na Februari 2011 wakaishusha J. C. Penney, duka kubwa la Marekani, kwa ajili ya viungo. Sembuse mimi wa Xiaobei.

Lakini sikujua maumivu yake mpaka simu zilipoanza. Mama mmoja wa Kariakoo, mteja wangu tangu zamani, alinipigia: "Mwanangu, nimekutafuta Google nimpe shoga yangu, sikukuona. Nikajua umekamatwa, au umetoroka na hela za watu." Alikuwa anatania, ila mwishoni akanyamaza kidogo, nikaelewa kwamba hakuwa anatania sana. Mteja mwingine mpya, aliyekuwa anataka nusu kontena ya vitambaa, alilitafuta jina langu kabla ya kutuma malipo. Hakuona kitu, akaenda kwa mwingine. Simlaumu. Mawakala waliokimbia na hela za watu wapo, na dalili ya kwanza ni hiyo hiyo: jana alikuwepo, leo hayupo.

Basi nikaanza kazi ya kusafisha. Search Console inakupa orodha ya tovuti zinazokutaja. Nikaitoa, nikaiweka kwenye jedwali, mstari baada ya mstari, usiku baada ya usiku. Nyingine zilikuwa za kamari, nyingine za dawa za kuongeza nguvu, nyingine kwa lugha nisizozijua. Nikawaandikia wenyewe mmoja mmoja waondoe. Wachache walijibu. Kadhaa walidai hela ili waondoe, yaani nililipa kuingia na sasa nilipe kutoka! Waliobaki niliwaweka kwenye faili la kuwakana. Google wana kifaa hicho tangu Oktoba 2012: unaandika jina la tovuti moja kila mstari, unalipeleka, maana yake "hawa msiwahesabu kama mashahidi wangu". Tahadhari, ukimkana na shahidi wa kweli unajiumiza mwenyewe, kwa hiyo nilizifungua zote moja moja. Zile kurasa za miji nikazifuta zote.

Mwishoni mwa Julai nikaandika ombi la kuangaliwa upya. Google wanataka mambo matatu: eleza kosa lenyewe hasa, eleza hatua ulizochukua, onyesha matokeo. Nikaandika kwa ufundi. Nikasema nililetewa mtu, sikuelewa anachofanya, nimedhulumiwa, mimi ni mgeni katika nchi ya watu. Nikaambatisha jedwali. Zilipita wiki mbili na kitu, jibu likaja: bado kuna viungo, ombi limekataliwa.

Jioni ile nilikwenda kukaa kwa laoban wangu wa mabegi pale Baiyun, bosi mwenye duka ninayenunua kwake miaka mingi. Nikamweleza kwa Kichina changu cha kuungaunga. Akacheka sana. Akasema, kumbe ulifanya shuadan! Shuadan ni ule mchezo wa muuza duka la mtandaoni kuwalipa watu wajifanye wamenunua na kumsifu, ili apande juu. Ulienea sana huku, mpaka sheria ya biashara ya mtandaoni iliyoanza Januari 2019 ikaukataza. Hata Baidu walitoa mtambo wao wa kuwabana wauza viungo Februari 2013. Nikamwambia laoban, mimi sikufanya, yule mtu ndiye aliyefanya. Akaendelea kukunja karatasi za kujazia mabegi, akaniuliza: "Pochi ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nilirudi kwa miguu. Swali lile halikunitoka.

Nilipoifungua tena ile orodha, nilijua nilichokuwa nimekificha. Kabla ya yule mtu kulikuwa na viungo vingine, vichache, nilivyovinunua mwenyewe mwaka 2021 wakati mambo ni mazuri. Sikuvigusa mara ya kwanza kwa sababu niliona bado vinanisaidia. Niliomba msamaha huku nimeshika kitu nyuma ya mgongo. Safari hii nikavitoa vyote. Barua ya pili ilikuwa fupi. Niliandika kwamba nililipa, nikataja kiasi, nikataja mwaka, nikasema nilijua kwamba si sawa na nikafanya. Niliituma Oktoba, siku zile za maonyesho ya Canton, mji umejaa wageni na mimi nazunguka Pazhou na wateja wawili tu. Novemba jibu likaja: adhabu imeondolewa.

Msifikiri nilirudi namba moja kesho yake. Hapana. Kuondolewa adhabu siyo kurudishiwa kiti. Vile viungo vilivyokuwa vinaninyanyua havikuhesabika tena, kwa hiyo nilirudi mahali pangu halali, ambapo ni chini kuliko nilikozoea. Nikaanza tena kuandika nilichokiona sokoni, ukurasa mmoja kwa wiki. Wakubwa walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wateja wanarudi mmoja mmoja. Yule mama wa Kariakoo amenituma tena, na shoga yake amemleta mwenyewe.

Sasa deni.

Mama, ile nyumba ya Muheza imesimama kwenye lenta. Nilikwambia mabati yamepanda bei, tungoje yashuke. Kaka aliniuliza mara mbili, nikamjibu hivyo hivyo, tena kwa ukali kidogo ili asiulize ya tatu. Si kweli. Hela za mabati zilikuwepo. Ndizo zile yuan 6,000, kama milioni mbili na kidogo za nyumbani. Nilimpa yule mtu, nikijua zitarudi mara mbili kabla hamjagundua. Hazikurudi. Masika imepita, kuta zikanyeshewa, na wewe Mama ukawa unawaambia majirani kwamba mwanao anatafuta bati zuri la China.

Niliweza kumwandikia mkaguzi wa Google nisiyemjua ukweli wote, na kiasi chote. Ninyi niliwaandikia barua ya kwanza tu, ile ya "nimedhulumiwa, mimi ni mgeni". Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeona afadhali nijiumbue mwenyewe. Kaka, nisamehe kwa ule ukali. Hela nimeanza kuziweka kando upya, nusu ipo. Nitakutumia wewe moja kwa moja, ununue bati hapo hapo Tanga, na risiti umpe Mama aishike.

Na binamu yangu wa Moshi mwenye tovuti ya safari za mlimani, uliyeniomba namba ya yule mtu wa viungo: sikupi. Andika njia zile unazozipanda, weka picha ulizopiga mwenyewe, waombe wageni waliofurahi wakutaje kwao. Ni polepole, najua. Ila hutakuja kukaa usiku wa manane unakana watu mia nne mmoja mmoja.

Nimemaliza. Mwenye neno aseme, hata la kunigombeza, nimestahili. Mama najua husomi mtandaoni, dada atakusomea. Dada, usiruke hapo kwenye mabati.

Tuko pamoja. Wasalimieni wote.