ZAMU YA USIKU, Sehemu ya 23: "Mama, nani kashinda?"



Najua niliahidi leo tuongee homa ya watoto usiku. Itakuja, msinune. Leo mniruhusu niongee mpira kwanza, mtaona nakwenda wapi. Na si wa Simba na Yanga. Ni huu wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki, tena wa vyuo vikuu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mie ni nesi wa wodi ya watoto, naishi Columbus, Ohio. Nilifika hapa Januari 2015 na mtoto wa miezi minne mgongoni, baridi imenishika hadi kwenye meno. Wiki ileile, usiku wa tarehe 12, mji mzima ukaanza kupiga honi na kupiga kelele. Nikajua kumetokea balaa. Nikamfunika mwanangu, nikazima taa. Asubuhi bibi jirani akagonga mlango na sahani ya vitamutamu vya siagi ya karanga vilivyochovywa kwenye chokoleti, akanieleza: chuo cha hapa, Ohio State, kimeifunga Oregon 42-20, ndio bingwa wa nchi nzima. Akamvisha mwanangu kofia ndogo nyekundu. Basi. Mtu akikupokea ugenini kwa karanga, timu yake inakuwa timu yako.

Tangu hapo mwenzenu ni mgonjwa. Uwanja wetu unaingiza watu zaidi ya laki moja, na unajaa. Vijana wa bendi wanatembea wakiandika jina la Ohio kwa miili yao uwanjani, na yule anayekwenda kuweka nukta juu ya herufi "i" anashangiliwa kama bwana harusi. Mie hulia kila mara. Baba watoto ananicheka, lakini yeye alilia Yanga ilipofungwa, kwa hiyo tunajuana.

Sasa twende kwenye ubingwa wa mwaka huu. Mpaka mwaka jana mtoano ulikuwa wa timu 4 tu. Mwaka huu wa 2024, kwa mara ya kwanza, ziko 12. Nne za juu zinasubiri, nane zinaanza Ijumaa na Jumamosi hii. Sisi ni wa 8. Tunacheza na Tennessee hapa nyumbani Jumamosi tarehe 21, saa 2 usiku. Dar itakuwa saa 10 alfajiri, mnaonyonyesha saa hizo mniombee.

Niwapitishe wagombea, kwa macho yangu, na msitegemee haki:

Oregon, namba 1, hawajafungwa na mtu. Sisi walitufunga 32-31 kwao mwezi wa kumi, pointi moja, saa imetuishia mkononi. Tukiwatoa Tennessee, tunakutana nao tarehe 1 Januari. Nawataka. Sikujua kwamba naweza kuwataka watu hivi.

Georgia, namba 2. Wameifunga Texas mara mbili msimu huu, ya pili 22-19 kwenye muda wa nyongeza. Lakini kijana wao wa kurusha mpira aliumia mkono kwenye fainali hiyo. Kama nesi nasema pole sana. Kama shabiki nimenyamaza.

Boise State wana Ashton Jeanty, kijana anayekimbia na watu watatu wamemning'inia, bado anakwenda. Arizona State walitabiriwa kushika mkia kwenye ligi yao, wakaishinda. Hao wawili nawapenda.

Texas wana kila kitu isipokuwa dawa ya Georgia. Penn State tuliwafunga kwao, 20-13. Indiana tuliwafunga 38-15, msimu wao mzuri na hongera zao. Notre Dame walifungwa nyumbani na Northern Illinois mwezi wa tisa, hilo silisahau hata wakinitajia ushindi wao wote uliofuata. SMU na Clemson wamalizane na hao wengine huko.

Na sisi? Mkurugenzi wetu wa michezo alisema hadharani kikosi hiki kimegharimu kama dola milioni 20. Mie naomba nyongeza ya mshahara tangu Machi. Kwa pesa hizo, ubingwa si ombi, ni deni.

Ila msimu wetu ulivunjika tarehe 30 Novemba. Na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Siku hiyo tulicheza na Michigan. Wiki hiyo hapa chuoni herufi M zote kwenye vibao huzibwa kwa gundi nyekundu, na jina lao halitajwi, wanaitwa "ile timu ya kule juu". Nimelitaja mara moja mpate kuelewa, silirudii. Walikuwa wametufunga miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu walikuja dhaifu, kila mtu akasema tutawala.

Mchezo ulianza saa 6 mchana. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala. Nyumba imejaa wageni, pilau jikoni, watoto nje kwenye majani makavu wanacheza mpira uleule wanaouona kwenye TV, wanakamatana na kuangushana chini. Wakati wa mapumziko mwanangu, sasa ana miaka 10, akaingia ameshika kisogo. Kaangukia mgongo, kichwa kikagonga chini. Nikamwangalia. Macho sawa, hana damu, anaongea. "Sijambo, mama." Nikamwambia kaa hapo kwenye kochi upumzike. Nikarudi kwenye mpira.

Mama zangu, kwa mtoto wa mtu mwingine nisingefanya hivyo. Wodini ningeuliza maswali kumi. Nyumbani, timu yangu inacheza, niliuliza moja.

Tukafungwa 13-10. Tulikosa mikwaju miwili ambayo ingetuokoa. Kwenye TV wale wageni wanataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wetu, vijana wanakunjana, polisi wanapuliza dawa ya pilipili. Sebuleni kimya kama msibani. Mwanangu akauliza, "Mama, nani kashinda?"

Nikamjibu kwa ukali kidogo, wao.

Dakika chache baadaye, "Mama, nani kashinda?" Nikadhani ananitania. Nikamwambia baba, si leo. Nikaenda jikoni kuosha vyombo kwa hasira. Akanifuata, amekunja uso kwa mwanga wa taa, akasimama mlangoni. "Mama, nani kashinda?"

Sahani ilinidondoka. Hakuwa ananitania. Alikuwa hakumbuki kwamba ameuliza.

Tulimkimbiza Dharura. Nilipofika sikuwa nesi, nilikuwa mama kama ninyi, nashindwa hata kutaja tarehe ya kuzaliwa. Daktari alimpima, akatuweka chini ya uangalizi masaa kadhaa, hakuona haja ya kumpiga picha ya kichwa. Ulikuwa mtikisiko wa ubongo. Hakuna aliyenilaumu. Nesi aliyetupokea alinishika bega tu, akasema na yeye alikuwa anaangalia mpira.

Kwa hiyo someni hapa taratibu. Hii si ya Marekani tu, ni ya mtoto aliyeanguka kitandani, kwenye bembea, kwenye mwembe, kwenye bodaboda.

Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtoto azimie. Wengi hawazimii. Angalia: anauliza jambo lilelile, kama kachanganyikiwa, anajibu polepole, kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwanga au kelele zinamkera, au tu "hayuko sawa" na wewe mama unajua. Dalili zinaweza kuchelewa saa au siku. Akigonga kichwa, anaacha kucheza siku hiyo. Basi, hakuna "ngoja nimalizie".

Kimbia hospitali palepale ukiona: kichwa kinauma na kuzidi, anatapika tena na tena, degedege, mboni ya jicho moja kubwa kuliko ya pili, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, hajui watu, alipoteza fahamu, au amelala na haamki ukimwamsha. Kwa mtoto mchanga ongeza mawili: analia na habembelezeki, au anakataa kunyonya.

Na lile la "usimwache alale kabisa": akishaonwa na daktari na kuruhusiwa, mwache alale. Usingizi ni dawa.

Kofia je? Helmeti inazuia fuvu kupasuka. Haiwezi kuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu, kama vile boksi gumu halizuii yai ndani kugonga ukuta.

Mwanangu alipumzika siku mbili nyumbani, akarudi shule nusu siku, kisha siku nzima. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne hivi. Sasa anatembea, anaendesha baiskeli ya ndani, bado hajaruhusiwa kukimbizana na wenzake. Hapa Ohio tangu 2013 sheria inasema mtoto mchezaji akishukiwa kuumia hivi, anatolewa, harudi siku hiyo, na harudi kabisa bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Sheria nzuri. Kwenye majani ya nyuma ya nyumba hakuna sheria, kuna mama tu.

Sasa, kwenye friji yangu kuna fomu. Timu ya mtaa, msimu ujao, mpira wa kuangushana, sahihi ya mzazi. Mwanangu aliibandika mwenyewe tangu Oktoba, na kasumaku kenye nembo ya timu yangu. Mie ndiye niliyemfundisha kupenda. Kofia ile nyekundu bado ipo kabatini.

Baba watoto anasema asainiwe, mtoto asilelewe kwa woga, na vijana wa hapa wanapata shule kwa mpira huu. Hakosei yote. Mie najua la upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichunguza ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 53 walioishia ngazi ya chuo, 48 walikuwa na ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara. Tusome kwa uangalifu: familia zilizotoa ubongo ule nyingi zilikuwa tayari zimeona tatizo, kwa hiyo haimaanishi tisa kwa kila kumi wataugua. Lakini siwezi kuisahau namba hiyo. Na haihitaji mtikisiko mkubwa mmoja. Vipigo vidogo vya miaka mingi navyo vinahesabiwa.

Nimeamua hivi, na baba watoto amekubali kwa kununa kidogo: sisaini. Atacheza ule wa vitambaa kiunoni, unamvua mwenzio kitambaa badala ya kumwangusha. Anarusha, anakimbia, anafunga, kichwa kinabaki chake. Akifika sekondari tutakaa tena mezani, naye akiwa na sauti. Nilipomwambia alilia. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini wewe unaangalia?"

Sikuwa na jibu. Nimemwambia ukweli, kwamba ni swali zuri na sijalimaliza. Wale wa Jumamosi ni vijana wa miaka 18, 20, 22. Kila mmoja ana mama mahali fulani kwenye baridi ile, na mie nitakuwa napiga kelele mwanawe amwangushe mwana wa mwenzake. Nitaangalia. Ila safari hii mchezaji akibaki chini, sitahesabu kwanza yadi ngapi zimepatikana.

Na tutawafunga Tennessee. Halafu Oregon. Tarehe 20 Januari tutakuwa Atlanta kwenye fainali, andikeni tarehe. Kocha wetu Ryan Day anatukanwa mji mzima, mie bado niko naye. Mwaka ule wa karanga pia tulifungwa mapema, wakatuzika, tukafufuka.

Mwanangu ataangalia nami nusu ya kwanza, sauti chini, taa hafifu, kisha kitandani. Ameniomba asubuhi nimwamshe nimwambie matokeo. Nimemwambia aulize mara moja tu.

Niandikieni: mtoto wako aliwahi kugonga kichwa? Ulifanya nini? Msioneane aibu, mmeona nesi mwenyewe alivyofanya. Na kama una mama mdogo mwenye mtoto anayeanza kutambaa, mtumie hii.

Sehemu ya 24: homa usiku. Wallahi safari hii kweli.