Kadi za Picha na Mfuko Mdogo

Wengi wenu hukusanya vitu. Mmoja ana vizibo vya soda, wa pili ana kombe za pwani, wa tatu ana stempu alizozibandua katika bahasha. Mimi nami nimekusanya stempu tangu nilipokuwa darasa la tano, na albamu yangu ya kwanza ingali kabatini. Ndiyo sababu mwaka 2021 mwanafunzi wangu wa zamani, afanyaye kazi ya ghalani mjini Chicago, Marekani, aliniandikia kuniomba shauri.

Baada ya kuniamkia alieleza shida yake. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi, alitaka kuanza kukusanya kadi za picha kama wenzake shuleni. Lakini bei zilikuwa zimepanda mno. Pakiti aliyodhani ataipata kwa dola chache, walanguzi waliiuza mara mbili au mara tatu ya bei yake. Akinunua, itampasa apunguze fedha anazompelekea mama yake huku nyumbani kila mwezi. Asiponunua, mtoto atakaa peke yake wenzake wanapobadilishana kadi. Afanye nini?

Sikumjibu siku ile. Kwanza nilitafuta habari za kadi hizo, nami nitawasimulia niliyoyapata.

Kadi hizo ni vipande vya karatasi ngumu, vyenye kuenea katika kiganja. Upande mmoja una picha, labda ya mchezaji, na upande wa pili una habari zake. Zamani makampuni ya tumbaku ya Marekani yalizitia ndani ya pakiti za sigara, ili pakiti zisipondeke na wanunuzi wavutwe. Kati ya mwaka 1909 na 1911 ilitoka kadi ya Honus Wagner, mchezaji mashuhuri wa besiboli, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Zilitolewa chache tu, na zijulikanazo leo hazifiki mia. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola 7,250,000.

Baadaye makampuni ya chingamu yakafuata desturi hiyo. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa kadi ya Mickey Mantle, na mtoto aliweza kuipata kwa senti chache pamoja na chingamu yake. Mwezi wa Agosti 2022 kadi moja ya namna hiyo, iliyotunzwa vizuri sana, iliuzwa mnadani kwa dola 12,600,000. Mwenyewe alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000.

Mtu akisikia hesabu hizo, moyo humwenda mbio. Lakini tazameni sababu yake. Watoto wa mwaka 1952 walizichezea kadi zao, wakazikunja na kuzipoteza, na mama zao wakazitupa pamoja na takataka. Zilizosalia safi ni chache, na wazitakao ni wengi. Hiyo tu ndiyo siri ya bei.

Katika miaka ya 1980 watu wengi wa Marekani hawakuielewa siri hiyo. Walinunua kadi mpya kwa maboksi, wakaziweka bila kuzifungua, wakitumaini kwamba siku moja zitawalipia watoto wao karo. Makampuni nayo yakazidi kupiga chapa, mamilioni juu ya mamilioni. Kila mtu aliweka, wala hakuna aliyetupa. Basi zikawa nyingi kama mchanga, na katika miaka ya 1990 bei zikaanguka. Hata leo kadi nyingi za miaka ile huuzwa kwa senti tu.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, watu walikaa majumbani mwao, wakakumbuka michezo ya utoto. Wakaja na walanguzi. Bei zikapanda tena kwa haraka, hata mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Target, yenye maduka makubwa, ikaacha kwa muda kuuza kadi hizo madukani mwake kwa ajili ya usalama, baada ya watu kupigana kwa sababu ya kadi.

Kati ya habari hizo zote, iliyonipendeza zaidi ni ya Jefferson Burdick, mtu wa Syracuse katika jimbo la New York. Hakuwa tajiri, alifanya kazi kiwandani, na viungo vyake vilisumbuliwa na baridi yabisi. Lakini alikusanya kadi zaidi ya 300,000, akazipanga kwa namna zake, na mwaka 1939 akatoa orodha iliyowafaa wakusanyaji wengine. Kisha akaitoa mali hiyo yote kwa makumbusho ya Metropolitan mjini New York, bila kuiuza. Alizibandika mwenyewe katika albamu, kwa mikono yenye maumivu, hata akaimaliza kazi mwezi wa Januari 1963. Mwezi wa Machi akafa. Wazee wetu wasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Burdick alikuwa na daftari.

Ndipo nilipomjibu mwanafunzi wangu. Nilimwambia, fedha za mama yako usiziguse. Usimnunulie mtoto pakiti iliyofungwa kwa walanguzi, maana ni bahati nasibu: atoaye ajua alichotoa, apokeaye hajui alichopata. Mchagulieni timu moja, na miaka michache. Mtafutieni zile kadi za miaka ya 1980 zilizowavunja moyo wenye tamaa. Kwao ni hasara, kwa mwanao ni neema. Tena apewe daftari, aandike kila kadi, jina la mchezaji, mwaka, na bei aliyoilipa.

Baada ya miezi minne nilipata jibu. Mtoto alikuwa na kadi mia mbili na kumi, nazo zote pamoja hazikufikia bei ya pakiti moja ya walanguzi. Mama wa mwanafunzi wangu hakukosa fedha zake hata mwezi mmoja. Wenzake shuleni walimcheka kwanza kwa kuwa kadi zake ni za kale. Lakini mara wakaanza kumwendea kumwuliza habari za wachezaji, kwa kuwa yeye alisoma nyuma ya kadi, na wao walitazama bei tu.

Basi, ninyi mnaokusanya, kumbukeni hili. Bei hupangwa na watu wengine, nayo hupanda na kushuka pasipo kuwauliza. Lakini kukijua kitu chako, kukipanga na kukitunza, hakuna mlanguzi awezaye kuwapandishia bei yake.