Siku Mwana Wetu Alipoiacha Raga

Kuna maneno ambayo mtoto huyatamka jioni moja akiwa amesimama mbele ya friji, anatafuta cha kula, na usiku ule wazazi hamlali. Kwetu maneno hayo yalikuwa: "Mwakani sichezi raga tena. Nahamia mpira wa Kiaustralia." Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2011. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka 15, nasi tulikuwa tunaishi magharibi ya jiji la Sydney, mwaka wa nne tangu tutoke Nakuru. Tunaandika haya sisi wawili, ingawa kalamu ameishika mama. Baba ameketi kando akisahihisha tarehe.

Huenda msomaji akasema, mpira ni mpira, kilio cha nini? Nasi twakubali kwamba zipo nyumba ambazo watoto huleta habari nzito kuliko hiyo. Lakini mjue kwamba Nakuru ni mji wa raga, na baba wa nyumba hii aliicheza huko ujanani mwake. Bega lake la kushoto hadi leo hutabiri mvua kuliko redio. Tena tulipofika ugenini, katika shule ambayo hata mwalimu hakuweza kulitamka jina la mtoto wetu, raga ndiyo iliyompatia marafiki wa kwanza. Wengi walikuwa watoto wa Kitonga na Kisamoa, na mama zao ndio waliotufundisha sisi kuja uwanjani na viti vya kukunja, blanketi na chakula cha kugawana. Mama mmoja wa Kitonga alitulelea mtoto mdogo wiki nzima mama alipolazwa. Kwa hiyo kijana aliposema anaiacha raga, tulisikia kama anawaacha watu.

Baba hakujibu neno. Akina mama wenzetu mnaujua ukimya wa namna hiyo. Si ukimya wa mtu asiye na la kusema. Alimaliza chai yake, akaiosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akaenda kulala saa mbili na nusu.

Hebu tuueleze kidogo mchezo wenyewe, maana nasi hatukuujua. Mpira wa Kiaustralia ulianzia Melbourne, na kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859. Kila upande una wachezaji 18, na uwanja wake ni wa duara refu kama yai, mkubwa hata mama wa mchezaji hawezi kumtambua mwanawe akiwa upande wa pili. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti 4. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya ile 2 mirefu ya katikati, ni pointi 6. Ukipita kando yake, ni pointi 1 tu. Kwa mtu wa raga mambo mengi yanaonekana yamepinduliwa. Katika raga unaurusha mpira kwa mikono kuelekea nyuma. Huku kurusha ni kosa; ni lazima uupige teke au uupige kwa ngumi kutoka kiganja cha mkono wa pili. Ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini. Katika raga adui yuko mbele yako. Huku hakuna kuotea, basi adui hutoka mbele, nyuma na ubavuni.

Na liko jambo moja lililomsumbua mwana wetu kuliko yote. Tangu utoto baba alimfundisha kwamba ukikabwa, ushike mpira, usiuachie, ufe nao. Katika mpira wa Kiaustralia, mwenye nafasi ya kuutoa mpira asiutoe, kisha akakabwa nao mikononi, ndiye mwenye kosa.

Sasa wazo hili lilitoka wapi? Kocha wa timu ya mtaa alimwona katika michezo ya shule akiruka juu, akamwambia kwamba miguu kama ile ni ya kudaka mipira ya angani. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa imebandikwa mabangoni. Wakuu wa mpira wa Kiaustralia walikuwa wanaanzisha timu mpya katika nchi ya raga: Gold Coast Suns huko Queensland, iliyoingia ligi mwaka 2011, na Greater Western Sydney Giants, huku huku kwetu, iliyoingia mwaka 2012. Ili watu wa raga wageuze shingo, timu hizo ziliwachukua nyota wa raga ya wachezaji 13. Gold Coast ilimpata Karmichael Hunt. Giants ilimpata Israel Folau, kijana mwenye asili ya Tonga aliyekulia magharibi ya Sydney, ambaye mwaka 2007, akiwa na miaka 18, alikuwa mdogo kuliko wote waliopata kuichezea Australia raga hiyo. Magazeti yaliandika kwamba mkataba wake ulikuwa wa dola kama milioni 6 kwa miaka 4.

Dola milioni 6! Mtoto wa shule akisikia hesabu hiyo, naye anajua baba yake anafanya zamu ya usiku katika ghala na mama anawaosha wazee katika makao yao, mnadhani atawaza nini? Alituambia wazi: "Nikifaulu, Mama hatainua mtu tena." Mama alikwenda bafuni akafungua bomba ili asisikike akilia. Hatukuwa tumempa mtoto mzigo huo. Au tulikuwa tumempa bila kujua, kila tulipozungumzia kodi ya nyumba mezani. Bado hatujaafikiana juu ya hilo.

Kisha kukawa na jambo la Jumapili. Raga ya shule ilikuwa Jumamosi. Timu hii mpya ilicheza Jumapili asubuhi, saa ile ile ya ibada yetu. Hapo baba alipata hoja ya kusimamia, na mama alijua kwamba hoja hiyo haikuwa ndiyo kiini. Tukapatana hivi: kijana atakwenda ibada ya jioni ya vijana katika kanisa la jirani, na asipokwenda wiki moja, wiki inayofuata hachezi. Alikwenda kila wiki. Hilo twalitaja kwa sababu ni haki yake.

Lakini baba hakwenda kumtazama. Msimu ulianza Aprili 2012, na Jumapili baada ya Jumapili mama alimfikisha uwanjani kwa gari, akamwona akipigiwa filimbi, kisha akaendesha mbio kwenda ibada kabla ya mahubiri. Alipigiwa filimbi kwa kurusha mpira. Alipigiwa filimbi kwa kuung'ang'ania. Alikabwa kutoka nyuma na watu asiowaona. Mwili wake, uliojengwa kwa raga, ulikuwa mzito kwa kukimbia kilomita nyingi namna ile, na kufikia Juni alikuwa amepungua hata suruali zake zikawa zinamvuka. Nyumbani mazungumzo ya baba na mwana yalibaki "shikamoo" na "marahaba". Mama alikuwa kama posta. Ujumbe ulipitia jikoni.

Wakati huo tulikuwa tunamfuatilia Folau katika televisheni, kila mtu kwa sababu yake. Giants walikuwa timu changa, wakashinda michezo 2 tu msimu ule. Folau alicheza michezo 13, akafunga magoli 2. Alikuwa na uwezo wa kuruka na kudaka, hilo kila mtu aliliona, lakini mpira ukianguka chini alionekana kama mgeni anayetafuta njia katika nyumba ya watu. Mwishoni mwa mwaka 2012 aliondoka, miaka 2 kabla ya mkataba kwisha, akaenda kwenye raga ya wachezaji 15, na Juni 2013 alikuwa tayari anaichezea Australia dhidi ya timu iliyotoka Uingereza na Ireland, akafunga mara 2 siku hiyo ya kwanza. Hunt naye alidumu Gold Coast hadi 2014, akacheza michezo 44, kisha akarudi raga. Tusimfanyie Hunt dhuluma, maana Julai 2012, huko Cairns, timu yake ikiwa nyuma ya Richmond kwa pointi 4, aliudaka mpira sekunde za mwisho, king'ora kikalia, naye kwa sheria ya mchezo huo akaruhusiwa kupiga. Alipiga, ukaingia, wakashinda kwa pointi 2. Mwana wetu aliruka hata akaangusha taa.

Habari za Folau kuondoka zilitufikia tukiwa mezani. Baba akasema, "Si nilisema?" Maneno 2 tu. Kijana aliweka kijiko chini akatoka, na sahani yake ikapoa pale hadi saa nne.

Usiku ule tuligombana sisi wawili. Hatukugombana juu ya mpira. Mama alimwuliza baba kama alifurahi. Baba alikasirika kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema katika miaka 17 ya ndoa: kwamba raga ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumwachia mtoto. Hana shamba. Kiwanja chake Nakuru kiliuzwa ili tupate nauli. Lugha yenyewe watoto wanajibu kwa Kiingereza. "Mama watoto," alisema, "huyu akiiacha raga, amebaki na nini changu?" Mama hakuwa na jibu. Alimshika mkono tu.

Wiki chache kabla ya hayo tulikuwa tumeitazama fainali ya Septemba 29, mwaka ule wa 2012, na kijana alikuwa ametuonyesha mtu mmoja. Mike Pyke, Mkanada, urefu wake kama mita 2. Alikuwa mchezaji wa raga ya wachezaji 15, akaichezea Kanada katika Kombe la Dunia la 2007, kisha akaja Sydney Swans bila sifa yoyote na bila bango barabarani, akajifunza mchezo kuanzia mwanzo, akiwa mtu mzima. Siku ile Swans waliishinda Hawthorn pointi 91 kwa 81, naye akawa Mkanada wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Baadaye alifikisha michezo 110. Wakati ule baba alitazama bila kusema kitu. Lakini asubuhi baada ya ugomvi wetu aliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Yule Mkanada alichukua miaka mingapi?" Kijana akajibu, "Minne, Baba." Baba akatikisa kichwa akaenda kazini.

Msimu wa 2013 alikuja uwanjani mara ya kwanza, Jumapili moja ambayo ibada yetu ilikuwa alasiri. Katika timu za watoto kazi nyingi hufanywa na wazazi, na siku hiyo mwamuzi wa goli hakutokea. Meneja wa timu alipita akitafuta mzazi, akamwona mwanamume mrefu ambaye hana kazi, akamvisha koti jeupe na kumkabidhi bendera 2. Goli likiingia, unapunga zote mbili. Ukipita kando, unapunga moja. Basi.

Katika robo ya mwisho timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi 3. Mwana wetu aliruka juu ya wengine wawili, akaudaka. Tulikuwa hatujawahi kumwona akiwa juu namna ile. Alirudi nyuma, akapiga. Mpira ulikwenda ukipinda, ukapita karibu sana na mlingoti, upande wa nje. Ni baba peke yake aliyesimama mahali pa kuona sawasawa. Wazazi wa upande wetu walikwisha kupiga kelele za goli. Kijana alimtazama baba yake. Baba akainua bendera moja.

Tulishindwa kwa pointi 2. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu mpaka taa za pili za barabarani, kisha kijana akasema, "Ulikuwa nje, Baba. Hata mimi niliona." Na baba akasema, "Mguu wako wa kulia unaufungua mapema." Wakaanza kubishana juu ya mguu, nao wakabishana mpaka nyumbani, na mama alipunguza mwendo makusudi.

Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alicheza timu za mtaa mpaka goti lilipokataa akiwa na miaka 23. Leo anatibu magoti ya wengine. Mama bado anawainua wazee, tena kwa hiari yake. Baba sasa ni shabiki wa Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, akacheza Swans kisha Port Adelaide, na humwita "yule kijana wetu wa Turkana" ingawa wazazi wake ni wa Sudan Kusini.

Mwaka 2019 kitinda mimba wetu, binti, alimwona Chloe Dalton akiichezea Carlton katika fainali ya wanawake huko Adelaide, mbele ya watu 53,034. Dalton alikuwa amepata medali ya dhahabu ya raga ya wachezaji 7 kule Rio mwaka 2016, kisha akahamia mpira huu. Carlton walifungwa vibaya siku hiyo. Binti aligeuka akatutazama, na kabla hajafungua kinywa baba alikuwa amekwisha inuka, anapekua kabati la korido, anauliza ni nani aliyelihamisha koti lake jeupe.