Kurudi porini bila kukimbia

LIKASI – Saa kumi na mbili za asubuhi, kabla vumbi la malori halijapanda, mama mmoja wa komini ya Kikula hufunga kitenge, huchukua kitunga na kuelekea pembeni ya mji, kule nyumba zinapoisha na pori kuanza.

Kwa miaka mingi hakuthubutu. Mwaka 2013 alikimbia vita upande wa Mitwaba, Mai-Mai na askari walipokuwa wakipigana. Alilala porini na watoto wake bila kuwasha moto, kwa sababu moshi ungewaonyesha walipo. Hapa Likasi alipata chumba cha kupanga, akaanza kuuza unga wa mahindi sokoni. Usalama aliupata, lakini usingizi haukurudi. Kelele za mji zilimchosha, na kimya kilimtisha zaidi.

Zamani pori lilikuwa rafiki yake. Bibi yake alimfundisha kutofautisha bowa wa kula na ule unaoua, kujua msimu wa vinkubala, na kungojea masuku yaive mvua zinapoanza. Vita vililigeuza pori hilo lililomlisha kuwa mahali pa kujificha.

Jirani yake, mzaliwa wa Likasi, hakumwambia asahau. Alimwambia tu: "Yaya, mvua imenyesha. Twende tutafute bowa, hautakuwa peke yako."

Siku ya kwanza, karibu na kichuguu kikubwa, tawi lilivunjika. Mama akatupa kitunga, akakimbia. Jirani alimfuata polepole, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Juma lililofuata walikwenda tena, na jingine tena. Mara ya nne aliinama kuokota bowa, kisha akashtuka: kwa muda mrefu hakuwa amegeuka kutazama nyuma.

Sasa hutembea bila kuongea, telefone ameiacha nyumbani. Akirudi, kichwa ni chepesi. Anahesabu pesa za unga bila kukosea, na hawafokei watoto ovyo. Kodi ya nyumba bado inamsumbua, na usiku mwingine ndoto mbaya hurudi. Lakini asubuhi ana pa kwenda.

Pa kwenda penyewe panazidi kuwa mbali, kwa sababu miti inakatwa kwa ajili ya makala na vilima vinachimbwa. Anayetaka kutembea asiende peke yake. Mvua zikinyesha nyasi hufunika mashimo ya wachimbaji, basi ni vizuri kubaki kwenye njia. Bowa usioujua, uuache. Na ambaye usingizi unamkimbia majuma mengi, aende pia kituo cha afya, si aibu.

Mtoto wa mwisho wa mama huyo, aliyebebwa mgongoni mwaka ule wa kukimbia, humfuata kila Jumamosi. Siku hizi ndiye anayebeba kitunga.