Cheni si Mnyororo

Ndugu wasomaji na washairi wenzangu, safari hii siji na uchambuzi wa vina wala mizani. Nakuja na habari ya pikipiki kuukuu. Nawaomba mnivumilie, kwa kuwa habari yenyewe imenifikisha mahali ambapo sikutarajia kufika, nalo ni kosa langu la zamani katika ufundishaji wa lugha yetu.

Nilistaafu ualimu wa sekondari nikiwa sijawahi kumiliki chombo chochote chenye injini. Baiskeli nilikuwa nayo tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na ilinitosha. Baada ya kustaafu tulihamia Muheza, ambako tuna shamba dogo la michungwa upande wa kwenda Amani, mwendo wa kilomita tisa kutoka nyumbani. Vilima vya huko havina huruma kwa magoti ya mtu aliyevuka miaka sitini. Kwa mwaka mzima nilikuwa abiria wa bodaboda, asubuhi na jioni, hadi nilipopiga hesabu ya nauli nikaona ninamnunulia mwenzangu pikipiki kidogo kidogo. Nikajifunza kuendesha, nikapata leseni yenye daraja la pikipiki, nikaanza kutafuta ya kununua.

Fedha iliyobaki katika kiinua mgongo changu, baada ya kuezeka nyumba na kulipa ada ya kitinda mimba wetu, ilikuwa shilingi 1,600,000. Mke wangu alinikabidhi bahasha akasema, "Mzee wangu, ukikosea hapa hatuna pa kukosea tena." Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nilimwendea fundi. Gereji yake ni kivuli cha mwembe, boksi la spana na mkeka wa nailoni uliolowa oili. Aliponiona alijifuta mikono, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba huku nikimtafuta katika kumbukumbu. "Ulinifundisha kidato cha tatu," akanisaidia. Sura ilinijia polepole, jina likakataa. Nilimweleza haja yangu, naye akakubali kunisindikiza bila kutaja malipo.

Pikipiki ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa nyekundu, ya cc 150, imeng'arishwa hata unaweza kunyolea ndevu kwenye tangi lake. Muuzaji alikuwa na maneno matamu: haijawahi kuanguka, haijawahi kufunguliwa injini, mwenyewe aliitumia kwenda kanisani tu. Nakiri kwamba moyo wangu ulikwisha kuipenda. Mkono ulikuwa mfukoni, juu ya bahasha.

Fundi hakuitazama rangi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kusogeza kiganja karibu na silinda, bila kuigusa. Akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Imeamshwa, Mwalimu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza pembeni. Injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi huwaka kwa urahisi ikiwa ya moto, kwa hiyo muuzaji mwenye jambo la kuficha huiwasha kabla mnunuzi hajafika. Anayenunua hana budi kuikuta imelala. Ndipo ataona inahitaji mateke mangapi ya kiki, na itatoa moshi gani katika pumzi zake za mwanzo. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Pengine ringi za pistoni zimechoka. Moshi mweusi ni dalili kwamba petroli inaingia nyingi kuliko hewa, na hapo kabureta au chujio la hewa huangaliwa kwanza. Moshi mwembamba mweupe asubuhi ya baridi, ukitoweka baada ya muda mfupi, ni mvuke tu.

Kisha alizungukia mbele. Alikandamiza usukani chini mara tatu, akapitisha kidole kwenye vyuma vinavyong'aa vya shokapu. Kidole kilirudi na utando wa oili. Sili zilikuwa zimekwisha. Alinitaka niinue mbele hadi tairi liache ardhi, akauzungusha usukani taratibu kulia na kushoto. Ulipofika katikati ulijishika kidogo, kama mlango wenye bawaba iliyovimba. "Beringi za shingo," alisema. Akatoa kamba mfukoni, akainyoosha kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Upande mmoja kamba iligusa, upande wa pili ikaacha nafasi ya kidole. Chombo ambacho "hakijawahi kuanguka" kilikuwa kikitembea upande kama kaa.

La mwisho ndilo lililonitoa mkono mfukoni. Fundi aliomba kadi ya pikipiki ili alinganishe namba ya fremu, ambayo hugongwa kwenye shingo chini ya usukani, na namba ya injini. Ya injini ilisomeka vizuri. Ya fremu ilikuwa imekwanguliwa, ikapakwa rangi, na tarakimu mbili za mwisho zilisimama kombo, moja juu ya nyingine kidogo. Fundi hakusema neno. Aliirudisha kadi kwa mikono miwili, akasema, "Tunashukuru, kaka. Mwalimu atakwenda kushauriana na mama nyumbani." Tukaondoka. Sikumshutumu mtu yeyote wala simshutumu leo, ila nilielewa kwamba ningeweza kulipa fedha yangu yote, kisha nikanyang'anywa chombo barabarani kwa haki.

Tuliporudi chini ya mwembe nilimsifu. Nilimwambia kwamba kauli yake ya "imeamshwa" ni tashihisi nzuri kuliko nyingi nilizozisahihisha kwa miaka thelathini na kitu. Alicheka. Halafu, akiwa bado anafunga nati ya mteja mwingine, alisema: "Mwalimu, mimi ulinipa tisa kwa ishirini."

Ndipo nilipomkumbuka sawasawa. Niliwapa darasa insha kuhusu kazi ya mikono. Wengi waliandika juu ya kilimo, kwa maneno yale yale ya vitabuni. Kijana huyu aliandika jinsi alivyomsaidia baba yake kubadilisha cheni na spoketi za pikipiki, hatua kwa hatua. Nami kwa kalamu nyekundu nilikata kila "cheni" nikaandika "mnyororo", nikakata "spoketi" nikaandika "gurudumu la meno", nikazungushia duara "klachi", "plagi" na "kabureta". Pembeni niliandika: "Tumia Kiswahili."

"Baada ya pale," alisema bila kuinua macho, "sikuandika tena insha ya kitu ninachokijua."

Alilisema bila uchungu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akikulaumu kwa hasira unaweza kujitetea. Akikueleza tu jinsi ilivyokuwa, unabaki na lako.

Nilijaribu kusema kwamba mnyororo ni neno la asili zaidi. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mnyororo unafunga mbwa. Cheni inazungusha tairi." Nikakaa juu ya kopo la rangi nikaifikiria sentensi hiyo. Alikuwa ameniwekea mpaka wa maana ambao mimi, mwenye kamusi tatu nyumbani, sikuuona. Fundi akimtuma kijana wake dukani akalete mnyororo, ataletewa kitu cha kufungia geti.

Na tazama kinyume changu, ndugu zangu. Siku ile nilipomkatia alama nilikuwa nimekaa kwenye meza, neno tulilolipata kwa Wareno, ndani ya shule, neno tulilolipata kwa Wajerumani, mkononi nikiwa na kalamu, neno tulilolipata kwa Waarabu. Maneno hayo matatu niliyaona Kiswahili safi kwa sababu nilizaliwa nikayakuta. Klachi niliiona mgeni kwa sababu imeingia mimi nikiwa macho. Kigezo changu hakikuwa lugha, bali umri wangu.

Simaanishi kwamba kila neno la kigeni lipokewe bila kuulizwa. Pale ambapo tuna neno lililo hai, kama vipuri, au bomba la moshi, naona raha kulitumia, na mafundi wengi wanalitumia vilevile. Ninachosema ni kwamba neno hujaribiwa kazini. Klachi imekubali ngeli, imekubali viambishi, imepata wingi na umiliki. Fundi husema "klachi yako imelegea", na hakuna anayesita. Kisha sikilizeni jinsi watu hawa wanavyoisemesha mashine: injini inakohoa, inakula oili, imekufa; gia inaruka; betri imelala; breki zinalia. Sisi tunaifundisha tashihisi kwa mifano ya mwezi na upepo, nao wanaitumia tangu asubuhi kwa sababu bila hiyo kazi haisemeki.

Wiki mbili baadaye tulisikia habari ya bwana shamba mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza Honda CG125 yake. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na ilipata sifa katika nchi nyingi kwa kustahimili barabara mbaya na mwenyewe asiyeifanyia matunzo ya mara kwa mara. Tuliikuta imeegeshwa chini ya upenu, ina vumbi, tangi limebonyea upande mmoja. Fundi akasogeza kiganja kwenye silinda. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Yule mzee hakuisifu. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi. Juu yake alikuwa ameorodhesha kwa mwandiko wa ofisini: spoketi ya nyuma imeisha, tairi la nyuma ni la kubadilisha, taa ya breki haiwaki, iliwahi kuanguka mwaka juzi, ndiyo maana ya tangi. "Mengine atayaona fundi wako," alisema.

Fundi aliyatafuta hayo mengine. Aliiwasha kwa kiki, ikaitika katika teke la tatu, moshi haukuwa na rangi. Alichomoa plagi akanionyesha ncha yake: rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai ya maziwa, ishara kwamba injini inachoma vizuri. Ingekuwa nyeusi yenye masizi, au imelowa oili, tungekuwa na maswali. Alishika tairi la nyuma akalisukuma kulia na kushoto kuona kama vyuma vinavyolibeba vina mchezo. Alifungua kasha la cheni: meno ya spoketi yalikuwa yamechongoka na kuinama upande mmoja kama mapezi ya papa, sawasawa na karatasi ilivyosema. Ubavuni mwa tairi alinisomesha tarakimu nne za mwisho ndani ya duara dogo. Mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira huzeeka hata kama vipigo vyake bado vinaonekana virefu. Kamba ilinyooka pande zote mbili. Namba ya fremu na ya injini zikalingana na kadi, na jina katika kadi likalingana na kitambulisho cha mzee.

Nilitoa shilingi 1,250,000. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wawili wakatia saini, na kadi tukaipeleka TRA kubadilisha jina la mmiliki, kwa maana pikipiki isiyo na jina lako katika kadi umeiazima tu. Iliyobaki ilitosha spoketi zote mbili pamoja na cheni, kwani fundi alikataa kuvalisha cheni mpya juu ya meno ya zamani. Vitu hivyo huzeeshana. Ilitosha pia tairi na kofia ngumu mbili. Ya pili ni ya mke wangu, ambaye kwa sasa anaivaa akiwa amekaa barazani, akisema anaizoea kwanza.

Siku ya kumlipa fundi nilimwomba radhi kwa ile tisa. Alikaa kimya kidogo, akapangusa spana. "Yamekwisha, Mwalimu. Ila sasa yaandike."

Basi nimenunua daftari. Kila Jumamosi nakaa juu ya kopo la rangi chini ya mwembe, nauliza, naandika: neno, maana yake, na sentensi waliyoitumia wenyewe. Nimefikisha maneno 112. Fundi huyapitia kila mwisho wa mwezi, na mara mbili amenikosoa. Hutumia kalamu ya buluu.

Kwa kuwa siwezi kuwaaga washairi mikono mitupu, pokeeni ubeti huu mmoja, kwa yeyote anayetafuta pikipiki yake ya kwanza:

Usipende kwa kung'aa, rangi haibebi mtu,
Chunguza cheni na taa, uliza kwa fundi wetu,
Injini iliyokaa, haiwezi ficha kitu,
Neno tamu la hadaa, lisikuuzie kutu.