Maji ya Bahari Tuliyoyasomesha Bila Kuyaona

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi wetu wa Arua na Koboko na popote mlipo, Alhamdulillah tumerudi salama. Wengi wametuuliza habari za safari ya Unguja ya Desemba 2024, tukawajibu kwa ufupi tu msikitini, "nzuri, Alhamdulillah." Leo tunaieleza, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalozihusu nyumba zetu nyingi za huku.

Sisi tunasomesha fiqhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mwaka tunaanza na kitabu cha tohara, na kila mwaka tunafika kwenye mlango wa maji. Waliosoma matini ya Abu Shujaa wanajua kwamba mwanzo wake kabisa anataja maji saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Watoto wetu wanayakariri kwa sauti mpaka mabati yanatikisika. Maji ya mto tunayo, ya kisima tunayo, na mvua ya mawe imeshatoboa mapaa yetu mara kadhaa. Theluji tumeiacha kwa wenyewe. Lakini bahari! Tumeisomesha miaka yote hiyo, na hadithi ya yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w) juu ya kutawadha kwa maji yake tumeisherehesha, hali ya kuwa hatujawahi kuyagusa hata kwa kidole.

Mwaka mmoja mwanafunzi mdogo alituuliza, "Maalim, yana ladha gani?" Tukamwambia yana chumvi. Akasema, "Kama ya mchuzi?" Tukamwambia akae chini.

Basi kijana wetu mkubwa alipata nafasi ya kusoma chuo kilichoko Tunguu, Unguja, na mama yake akawa hana raha mpaka amwone. Tuliuza ng'ombe mmoja, tukakopa kidogo, tukaondoka watu watatu: sisi, mama watoto, na binti yetu wa miaka kumi na miwili aliyekuwa likizo. Kutoka Koboko mpaka Arua siku hizi ni lami tupu, kisha daraja la Pakwach na Karuma mpaka Kampala, kisha Mutukula, kisha Tanzania ambayo ukiwa ndani ya basi unadhani haina mwisho. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kumuaga mama yetu mzazi. Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Sisi tulizaliwa ukimbizini, upande wa Zaire, maana baada ya vita vya 1979 watu wengi wa West Nile walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Kiswahili chetu hiki chanzo chake ni huko, ndiyo maana watu wa Unguja walitucheka. Tuliporudi nyumbani tulikuwa bado wadogo. Mwaka 1989, wakati wa mvua, kaka yetu anayetufuata kwa juu alitumwa mtoni Kochi kufua nguo. Mto ule wakati wa kiangazi unauvuka bila kukunja suruali. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha juu huko, maji yakaja kwa ghafla. Sisi tulikuwa ukingoni. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe na sabuni mkononi. Alipatikana kesho yake alasiri.

Wakati tunasomesha kwamba aliyekufa maji anahesabiwa miongoni mwa mashahidi, sauti yetu huwa inabadilika, na wanafunzi wakubwa wameshagundua, Allah awalipe, hawaulizi.

Tangu siku ile mama aliweka sheria nyumbani: hakuna mtoto wake, wala mtoto wa mtoto wake, atakayeingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Sheria ile haikuvunjwa. Sisi tumepita miaka arobaini na hatujui kuogelea, na watoto wetu vilevile. Tulipokwenda kumuaga alitushika mkono akasema, "Mwanangu, hiyo bahari mtaitazama. Mtaitazama tu." Tukamwambia, "Ndiyo, mama."

Katika boti kutoka Dar es Salaam, mama watoto alishika tasbihi muda wote. Alikuwa amesikia habari za MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit iliyozama Julai 2012 karibu na Chumbe. Alituuliza swali moja tu: "Ikitokea, tutafanya nini?" Hatukuwa na jibu. Mtu mzima, mwalimu wa watu, mkewe yuko kulia na bintiye kushoto, na hana la kufanya ila dua. Dua ni silaha ya muumini, hilo halina ubishi, lakini tulijua katika nafsi zetu kwamba sehemu ya kufunga ngamia hatujaitimiza.

Kijana alitupokea, tukalala Tunguu, na siku ya tatu akatupeleka Kizimkazi, kusini kabisa mwa kisiwa. Wengi wanaijua kwa sababu ndiko kwao Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa mwaka 1960, na watalii wanaijua kwa sababu ya pomboo. Hao pomboo tuliwaona kwa mbali, boti zaidi ya saba zikiwafukuza kama mbwa na sungura. Hatukupendezwa. Sisi tulichokifuata ni msikiti wa Dimbani.

Ndugu msomaji, ukiuona kwa nje huwezi kudhani. Ni jengo dogo lenye paa la bati. Lakini ndani, ukutani upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya zamani kabisa yanayojulikana katika pwani yetu. Binti yetu akasema, "Baba, tusomee." Tukajisogeza na miwani. Kikufi hakina nukta, herufi zimesukwa kama ukili. Tukapata neno moja, tukapoteza matatu. Yule mtoto akacheka ndani ya msikiti mpaka mama yake akamfinya. Mzee anayeuangalia msikiti akatuambia tusione haya, kila mwalimu anayekuja anavaa miwani.

Chini ya kijiji kuna ghuba ndogo, imezungukwa na miamba ya matumbawe pande mbili, mchanga mweupe, ngalawa zimelala ubavu. Wakati wa asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, hapana watu wengi. Tulishuka na viatu mkononi. Tukatawadha.

Tumesomesha kusukutua kwa miaka ishirini, na tuliposukutua pale tulitema kama mtoto aliyepewa kwinini. Si kama mchuzi hata kidogo! Machoni yaliwasha, na yalipokauka yaliacha ukungu mweupe juu ya mkono. Tukamkumbuka yule mwanafunzi tuliyemwambia akae chini. Tukaelewa pia kwa nini wale mabaharia walikwenda kumuuliza Mtume (s.a.w): maji ya namna ile, yenye ladha ile, mtu lazima atie shaka. Jibu lake kwamba bahari maji yake ni tohara na maiti yake ni halali tulilihifadhi tangu utoto. Siku ile ndiyo tuliliona swali.

Tukiwa bado tunajifuta, akaja bibi mmoja wa pale, mtu wa makamo, na ndoo yake. Tukasalimiana. Akamtazama binti yetu aliyesimama pale ambapo maji yanafika kwenye vifundo, hasogei mbele wala nyuma.

"Maalim, mwanao hajui maji?"

"Hajui, bibi. Kwetu hakuna bahari."

"Mito hamna?"

Tukanyamaza. Mama watoto ndiye aliyejibu, akamweleza habari ya kaka yetu na sheria ya mama. Yule bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun." Kisha akasema jambo ambalo hatukulipenda lilipotoka: "Sasa mto ukija tena kwa huyu, mumemwandalia nini?"

Wapo watakaosema kuogelea ni mchezo, tena kwa mtoto wa kike. Hebu tuwe waadilifu. Ile kauli mashuhuri ya kuwafundisha watoto kuogelea na kulenga shabaha, wengi wanaipeleka moja kwa moja kwa Mtume (s.a.w), kinachojulikana zaidi ni kwamba inanasibishwa kwa Sayyidna Umar (r.a). Lakini Imaam an-Nasai amepokea hadithi inayotaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa upuuzi, na kujifunza kuogelea ni mojawapo. Sisi tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunaipita haraka darasani. Na kuhusu sitara, wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wanaingia baharini na nguo zao zote na mitandio yao, na huko Nungwi mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kwa mavazi marefu. Sitara si kikwazo. Kikwazo kilikuwa sisi. Na hili si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, wakiwemo watoto na vijana wengi.

Binti alitutazama. Hakuomba. Angeomba ingekuwa rahisi kukataa.

Tukasema, "Nenda na bibi. Usimwachie mkono."

Kijana wetu tukampeleka juu ya mwamba asimame huko awatazame wapita njia, na sisi tukabaki ukingoni. Mama watoto akaingia naye mpaka magotini na dera lake. Yule bibi hakumfundisha kupiga miguu wala mikono. Alimlaza chali, mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya mgongo, akawa anamwambia atazame mbinguni na apumue taratibu. Muda mrefu mtoto alikuwa mgumu kama ubao. Mara mbili alikunywa maji akakohoa, na mara zote mbili sisi tuliingia mpaka mapajani na kanzu, tukarudishwa kwa ukali: "Maalim, rudi huko, unamtia hofu!" Mara ya tatu bibi akaondoa mkono wa mgongoni. Kisha wa kisogoni. Tulihesabu. Alielea mpaka tulipofika thelathini na moja.

Hatukumbuki kama tulisema takbira kwa sauti. Kijana anasema tuliisema na wavuvi waligeuka.

Wakati wa kupanda tena kijijini binti akauliza kama maji ya Kochi yanafika pale Kizimkazi. Tukamwambia hapana. Kochi inaingia Nile, Nile inapita Sudan Kusini na Sudan na Misri, inamwagika kwenye bahari ya Mediterania kule Rashid na Dimyat. Akasema, "Kwa hiyo baba mkubwa alikwenda upande wa pili." Tukamwambia baba mkubwa yuko Koboko, tumemzika sisi.

Usiku mama alipiga simu, alikuwa ameazima ya jirani. Akauliza tumekula nini, mjukuu wake ana afya gani, watu wa huko wanaswali vizuri. Halafu akauliza kama bahari tumeitazama.

Tungeweza kusema ndiyo na ukaisha hapo, na usingekuwa uongo. Mama watoto alikuwa anatutazama. Tukamwambia, "Mama, mtoto aliingia."

Akakaa kimya mpaka tukadhani salio la jirani limekwisha.

"Maji yalimfika wapi?"

"Kifuani, mama. Kisha akalala juu yake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ukingoni."

Akakaa kimya tena. "Alitoka?"

"Alitoka, mama. Huyu hapa."

"Mpe simu," akasema.

Wassalaam alaykum.